Kurasa 16 na Uzi Mmoja

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Hadithi uliyoiandika mwenyewe unaifikishaje kwa msomaji?" Mimi huzishona. Hadithi moja, kijitabu kimoja, nakala thelathini, kwa sindano na uzi, mezani kwangu hapa Tanga.

Kabla ya hapo nilikuwa nikiwatumia rafiki zangu hadithi kwa simu. Walinijibu kwa picha ya dole gumba, na sikupata kujua nani alifika mwisho. Na hadithi moja ya peke yake nani ataichapa? Mchapishaji hutaka mkusanyiko, nami huandika moja au mbili kwa mwaka.

Karatasi ya A4 ukiikunja katikati inakupa kurasa nne za A5, kwa hiyo kijitabu huenda kwa nne nne. Mimi nimetulia kwenye kurasa 16, yaani karatasi nne zilizoingizana. Hadithi ya kwanza niliyotaka kushona ilikuwa na maneno 4,000 na ushei. Nilipotoa ukurasa wa jina, mgongo wake mtupu na ukurasa wa mwisho, nikabaki na kurasa 13, kila mmoja ukibeba maneno 240 hivi. Ningeweza kuongeza karatasi au kubana herufi. Sikutaka. Nikakata kwa wiki mbili. Likatoka jua lililokuwa likichomoza kwa aya nzima, akatoka na shangazi ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza maswali ili binti ajieleze. Hadithi ikapumua. Nikaanza pia kutazama mahali msomaji anapofunua ukurasa: barua ambayo binti anaogopa kuifungua inafunguliwa juu ya ukurasa wa 10, ili mkono wa msomaji ufunue kwanza, kisha wa binti.

Kwenye kupanga kurasa ndipo wengi hukata tamaa, na kanuni yake ni nyepesi. Namba mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi lazima zijumlishe 17. Karatasi ya nje ina 16 na 1, mgongoni kwake 2 na 15. Ya ndani kabisa ina 8 na 9, mgongoni 10 na 7. Tengeneza kwanza kijitabu cha mfano, uandike namba kwa penseli, uende nacho dukani kutoa kopi. Mimi mara ya kwanza nilikwenda bila mfano. Kijana wa mashine akageuza karatasi kwa upande mrefu badala ya ule mfupi, na migongo yote ikatoka kichwa chini. Karatasi 120 zikapotea, na nililipia.

Kwa nini nisibane kwa stepla? Stepla ya kawaida haifiki kwenye mkunjo, na hata ukiipata ndefu, pini hushika kutu. Sisi tuko pwani. Chumvi iko hewani. Nina vijitabu vya semina vilivyokula madoa ya kahawia katikati mpaka karatasi zimeachia. Uzi haushiki kutu.

Mama alishona mikeka, ukili kwa ukili, kwa shazia, ile sindano nene ya mikeka. Nilijaribu kuitumia nikapasua karatasi, kwa hiyo sasa natumia sindano ya kawaida na uzi wa pamba niliouburuza juu ya mshumaa ili usijikwaruze. Sentimita 55 zinatosha. Natoboa matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati, mawili sentimita nne kutoka juu na chini. Naanzia ndani, tundu la kati, natoka nje. Naingilia la juu. Naruka la kati, natokea la chini. Narudi kuingia kati. Ncha mbili zinakutana ndani, moja kila upande wa ule uzi mrefu, nafunga fundo. Jalada ni bahasha ya kaki iliyopasuliwa, nakunja kwa kusugua na mgongo wa kijiko.

Ukurasa wa 16 naandika kwa kalamu: jina langu, mji, tarehe, namba ya nakala. Hilo nimelichukua kwa wanakili wa zamani wa pwani yetu, waliomaliza utenzi kwa kuandika nani kanakili na lini. Muhamadi Kijumwa wa Lamu alinakili tendi kwa mkono hadi karne ya 20, na kwa mikono kama yake tungo nyingi zimetufikia. Kijitabu changu ni kidogo mno mbele ya kazi ile, lakini nautaka ule uangalifu.

Nakala siuzi. Naitoa kwa sharti moja: ukimaliza, mpe mwingine. Nakala namba 12 ilinirudia baada ya miezi mitano, jalada limelainika kama kitambaa, ina harufu ya samaki. Katika hadithi ile, usiku wa mwezi mpevu, wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, mashua inaelea saa sita kwa kuwa maji yamejaa. Mtu nisiyemjua alikuwa amepiga mstari chini ya sentensi hiyo na kuandika pembeni kwa penseli: "Bamvua maji hayajai saa sita. Saa nne ndiyo yamekupwa kabisa, saa sita bado yako njiani kurudi. Yanajaa saa kumi."

Nilishuka ufukweni mwezi uliofuata, nikakaa mpaka saa kumi alfajiri. Katika nakala thelathini za pili, mashua inaelea saa kumi, na binti inabidi asubiri gizani saa nne zaidi. Nimempa kurasa mbili za kusubiri.