Nairobi hadi New York ni saa ngapi? Kwa mnaoanza kazi ya tiketi

Karani mgeni akiulizwa safari hii inachukua muda gani, hutafuta umbali, anakuta kilomita 11,800 na ushei, anagawanya kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa na kumjibu mteja: saa 13. Tiketi ikitoka inasema saa 15, na mteja anaanza kuwa na wasiwasi na kila kitu ulichomwambia. Wadogo zangu, msijibu swali la muda kwa kugawanya.

Kilomita hizo ni za njia fupi kuliko zote juu ya tufe. Vuta uzi kwenye tufe la darasani kutoka Nairobi: utapita Darfur ya Sudan, Chad, jangwa la Algeria na Morocco, ndipo uingie Atlantiki. Rubani naye hafuati uzi huo moja kwa moja. Anga ya Sudan ilipofungwa Aprili 2023, ndege zilizokuwa zikipita huko zililazimika kuzunguka. Tena ratiba huhesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa tena, si muda wa kuwa angani peke yake.

Kuna na upepo. Kule juu, katika latitudo za kaskazini, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, hasa majira ya baridi. Wa kwenda Marekani wanaupinga, wanaorudi unawasukuma. Kenya Airways walipoanza safari ya moja kwa moja Oktoba 2018, kwenda kulipangiwa saa 15, kurudi pungufu ya hapo. Kwa hiyo usimwambie mteja muda mmoja kwa pande zote mbili.

Jizoezeni kupiga hesabu kwa UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia nzima, hata kama kompyuta inawapa jibu. Tuseme Januari, tiketi inaonyesha kuondoka 23:30 na kufika 06:30. Nairobi iko mbele ya UTC kwa saa 3, basi ni 20:30. New York wakati huo iko nyuma kwa saa 5, basi ni 11:30 kesho yake. Kati yake ni saa 15. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba wenzetu wako nyuma kwa saa 4, sisi hatubadiliki, kwa hiyo hesabu ya Januari msiitumie Julai.

Linaloniuma zaidi ni ndege za baada ya saa sita usiku. Tiketi ikisema 00:15 tarehe 12, watu hufika uwanjani usiku wa tarehe 12, ndege imeshaondoka usiku uliotangulia. Mwambie: “Ni usiku wa kuamkia tarehe 12; yaani tarehe 11, saa tatu usiku, uwe umeshafika uwanjani.” Mwandikie kwa kalamu kwenye karatasi ya tiketi, kwa saa anazozitumia nyumbani, si za kompyuta.

Kwa mama mzee anayekwenda kumwona mjukuu, hasa kama anatumia dawa kwa saa, mhesabie safari nzima: tangu atoke nyumbani, saa za kusubiri uwanjani, angani, foleni ya uhamiaji, hadi atakapopokelewa. Hapo zile saa 15 zinakaribia 20, na ndizo atakazopangia dawa na chakula chake.