Amplifaya za Kale: Fundi Anajibu

*Shikamoo fundi. Marehemu baba ametuachia amplifaya ya Sansui. Imekaa kabatini miaka mingi. Niichomeke tu? – Langoni, Lamu*

Marahaba mwanangu. Usiichomeke bado. Tafuta glopu ya zamani ya wati 60, ile yenye waya ndani, sio ya LED. Iunge kwenye waya wa moto ili stima ipitie glopu kwanza, ndipo ifike kwenye amplifaya. Spika zikae kando. Ukiwasha, glopu ikiwaka kwa nguvu mara moja kisha ikafifia, shukuru: ni kapasita kubwa, vile vikopo vya kuhifadhi stima, zinajaa. Ikibaki inawaka vilevile, zima upesi. Ndani mna shoti, na mara nyingi ni zile transista kubwa zilizofungwa kwenye bati la kupoza. Kwa stima yetu ya volti 240, glopu hiyo haipitishi zaidi ya robo ampea, kwa hiyo transfoma ya baba inasalimika. Transfoma ndiyo ngumu kupata; vingine vinanunulika.

Kabla ya kutia mkono ndani, chomoa plagi na upime kapasita kwa mita. Huweka stima hata plagi ikichomolewa. Zimalize kwa rezista ya ohmu 100 ya wati 5. Mtindo wa kuzigusisha kwa bisibisi siupendi hata kidogo.

*Upande wa kushoto hupotea. Nikigusa volyumu unarudi, unakwaruza. Nimeambiwa transista imekufa. – Shela*

Transista iliyokufa hairudi kwa kuguswa, ndugu yangu. Usitoe pesa. Huo ni uchafu na kutu ya chumvi, nanyi Shela mnakaa na upepo wa bahari kaskazi na kusi. Nunua dawa ya kupuliza ya kusafishia swichi za umeme (sio ya kulegeza nati zenye kutu), ipulize ndani ya volyumu stima ikiwa imezimwa, kisha izungushe mwanzo hadi mwisho mara nyingi. Fanya hivyo kwa kila swichi. Ikikataa, fungua relei ya spika, ile swichi ndogo ya ndani inayounganisha spika: utaona vidoto viwili vinavyogusana vimekuwa vyeusi. Pitisha kati yake kipande cha karatasi safi chenye spiriti mpaka kitoke cheupe. Msasa usiutumie, unakwangua ile rangi ya madini juu yake.

*Fyuzi huungua kila nikiwasha. Amplifaya niliinunua kwa mtu aliyeitoa Japani. Fyuzi niifunge karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara? – Maweni, Malindi*

Hapana! Utaunguza nyumba. Soma nyuma, karibu na waya wa stima. Japani hutumia volti 100. Ikiwa imeandikwa 100, unahitaji transfoma ya kushusha volti, ya wati nyingi kuliko zilizoandikwa hapo.

*Inavuma nikicheza santuri za taarabu. – Malindi*

Punguza volyumu hadi sifuri. Mvumo ukibaki vilevile hata ukichomoa waya zote za kuingiza sauti huko nyuma, kapasita za pawa zimechoka. Weka mpya zenye mikrofaradi zilezile na volti zisizopungua, ukiangalia upande wa kutoa na wa kujumlisha, maana zikigeuzwa hupasuka. Lakini ukiisha kwa kuchomoa mashine ya santuri, amplifaya haina kosa: tafuta ule waya mwembamba wa ziada unaotoka kwenye mashine, uufunge kwenye skrubu ya ardhi, iliyoandikwa GND.