Ukimuuliza mzee anakunywa kiasi gani, kipime kibapa chake

Kosa kubwa nililowahi kufanya kazini nililifanya kwa adabu. Mzee wa miaka 67, aliyevua dagaa maisha yake yote, aliletwa wodini amevunjika nyonga. Nikamwamkia, nikauliza presha, sukari, dawa zinazomkataa. Pombe sikuuliza. Ningeanzia wapi? Anamzidi baba yangu umri, na binti yake kasimama pale pale kitandani.

Usiku wa tatu akaanza kuvuta shuka. Mkono wa kulia, wa kushoto, wa kulia, anavuta na kulikunja magotini, huku akiwafokea vijana tusiowaona wawahi, mwezi unatoka. Jasho linamtiririka, mikono inatetemeka. Mmoja wetu akasema malaria imempanda kichwani, mwingine akasema uzee. Ndugu wakaanza kunong'ona mambo ya kurogwa. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Hatimaye mke wake akaniita pembeni: "Mwanangu, huyu hajapata chake tangu Jumanne."

Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla, mtu hutetemeka ndani ya saa chache, anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili, na kuweweseka kwa namna ile kwa kawaida huja kati ya siku ya pili na ya nne. Hali hiyo huua, na mzee ndiye aliye hatarini zaidi. Yule alipona. Mimi ndiye nilibaki na deni.

Siku hizi nashiriki kuwafundisha wanasihi wa nyumba za soba, yaani makazi ya wanaoacha ulevi na dawa za kulevya, na wahudumu wa afya wa jamii hapa Mwanza. Wengi ni hodari sana kwa vijana: arosto, yale mateso ya kukosa heroini, wanaijua; methadoni, dawa wanayopewa badala yake, wanaijua. Ila akija mtu wa miaka 60, umri ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamwita mzee, ndimi zinakuwa nzito. Kwa hiyo ninaanza na kuuliza. Omba ruhusa kwanza, "Baba, naomba nikuulize mambo ya ndani kidogo, ni kwa ajili ya dawa tutakazokupa," kisha watoe watoto chumbani kwa heshima. Halafu usiulize kama ni mlevi. Uliza kama asubuhi huwa anazimua, yaani anakunywa tena ili atulie. Atakayekuambia mikono haitulii mpaka azimue, usimruhusu aache peke yake nyumbani, mpeleke hospitali. Na ukiwa wodini, kumbuka vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi.

Neno "kidogo" ndilo linalotuangusha. Mezani naweka chupa ya soda, kikombe cha plastiki na kibapa, kile kichupa bapa cha pombe kali, nawaambia wamimine maji wapime. Kibapa chetu kiliingia mililita 200. Gongo haina lebo, lakini tuseme ina asilimia 40: hapo pana alkoholi inayozidi ya bia tatu za mililita 500 zenye asilimia 5. Sasa mzee anayesema "vibapa viwili tu" umemwelewa. Na mwili wake una maji machache kuliko ujanani, hivyo kiasi kile kile alichokimudu akiwa na miaka 30 leo kinampanda zaidi na kumwangusha bafuni.

Dawa nazo. Mwambie aje na mfuko wote, pamoja na za dukani na mizizi. Kuna mzee alitoa kwenye rambo moja vidonge vya sukari vya glibenklamaidi, diklofenaki ya magoti na valiamu aliyopewa na jirani ili alale. Ukichanganya na gongo kwenye tumbo tupu, sukari inaweza kushuka mpaka azimie, tumbo linaweza kuvuja damu, na valiamu ikaja kuzima pumzi.

Madodoso ya kawaida ya kupima unywaji nayo tuyatazame vizuri. Swali la kufukuzwa kazi halimgusi mtu asiye na kazi ya kufukuzwa. Lile la Chuo Kikuu cha Michigan la mwaka 1992, lenye maswali 24, lilitungwa kwa ajili ya wazee: linauliza kama unywaji uliongezeka baada ya kufiwa, kama mtu huruka mlo. Huku kwetu naongeza moja, tangu lini hujaingia ziwani. Wapo walioanza kunywa kweli kweli baada ya kuuza mtumbwi au kumzika mke, na hao, wakipata wa kukaa nao, mara nyingi hufanya vizuri kuliko vijana.

Sitasema mengi juu ya vitanda vya ghorofa na vyoo vya kuchuchumaa kwenye soba zetu. Kila mtu anaona. Lakini kumweka babu kwenye duara la vijana wa miaka 22 wanaosimulia walivyoiba simu, atanyamaza mpaka siku ya kuondoka.

Sasa tunamwalika mzee mmoja aliyeacha pombe aje kuwafanyisha wanafunzi mazoezi ya kuuliza, yeye akijifanya mgonjwa anayekunywa. Tunamlipa nauli na chakula. Juzi kijana akamuuliza, "Mzee wangu, kwa siku unakunywa mara ngapi?"

"Mara moja tu."

Kijana akaandika.

"Naanza asubuhi," mzee akasema, "namaliza usiku."

Kijana akaomba kifutio.