Komunyo kwa mtoto asiyeweza kula ngano

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mwanangu wa miaka 10 ana ugonjwa wa siliaki. Gluteni, yaani protini ya ngano, hata chembe, humwumiza utumbo. Anajiandaa kwa Komunyo ya Kwanza. Kama hostia (mkate mwembamba wa Komunyo) imeshakuwa Mwili wa Kristo, kwa nini imdhuru? Je, tumtengenezee ya mtama?

JIBU: Milele na milele, Amina. Mama, hofu yako si upungufu wa imani. Katika mageuzo, yaani padre anapoweka wakfu mkate na divai, mkate wote unakuwa Mwili wa Kristo, lakini maumbo yanabaki: rangi, ladha, uwezo wa kushibisha na wa kudhuru. Ndiyo maana hata Damu Azizi (divai iliyokwisha kugeuzwa) ikinywewa nyingi hulevya. Hostia ya kawaida asiipokee.

Mtama haufai. Kanuni ya 924 ya Sheria za Kanisa inadai ngano tupu. Kwa mtama, muhogo au mchele hakuna mageuzo, hata maneno yote yasemwe sawasawa. Hostia isiyo na gluteni kabisa nayo ni batili. Zipo zenye gluteni kidogo sana, halali kwa ruhusa ya askofu, ila daktari wake aulizwe kwanza.

Salama zaidi ni apokee kwa umbo la divai peke yake. Wala hapokei nusu: Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, ulifundisha mwaka 1551 kwamba Kristo yumo mzima katika kila umbo.

Kosa huwa hapa: mtoto anapewa kalisi (kikombe cha divai ya Misa) ya padre. Hiyo tayari ina ngano, kwani wakati wa "Mwanakondoo wa Mungu" padre hutia ndani yake kipande cha hostia. Iandaliwe kalisi ndogo ya pili, yenye kitambaa chake. Wakati wa matoleo itiwe divai kama kijiko kimoja cha chai na tone la maji, ifunikwe, ikae juu ya korporale (kitambaa cheupe cha altareni) tangu kabla ya mageuzo. Mtoto apewe na shemasi au mhudumu wa Komunyo ambaye hajagusa hostia. Unga wa vidoleni unatosha kumuumiza. Anywe yote, maana Damu Azizi haimwagwi kamwe.

Akishindwa kileo, askofu anaweza kuruhusu musto, yaani maji halisi ya zabibu yaliyozuiwa yasichachuke. Juisi ya dukani yenye sukari haifai.

Mwone paroko mapema. Siku ya mazoezi mtoto aonjeshwe divai ya kawaida. Wengi hushtuka kwa ukali wake na kuitema, na ni heri aiteme siku hiyo.