Faranga elfu mbili za Kasumbalesa

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Ukiwa safarini nje ya nchi, ni mtu gani ulikutana naye ambaye hujamsahau mpaka leo?" Najua majibu mtakayopata. Atakuwepo mzungu wa kwenye ndege, dereva teksi wa Dubai, na yule mama wa Guangzhou anayejua kuhesabu kwa Kiswahili. Mimi ndege sijawahi kupanda. Nje yangu inaanzia Tunduma, pale ukivuka barabara tu umeshaingia Nakonde ya Zambia na pesa imebadilika jina. Kuanzia 2011 nimeendesha semi miaka kumi, bandari ya Dar mpaka Lubumbashi, karibu kilomita 2,000. Kwenda ni salfa, kurudi ni shaba.

Watu wa kukumbuka njia hiyo wamejaa. Yuko fundi wa Mpika aliyenifungia springi iliyokatika kwa vipande vya mpira, tukafika nayo Kapiri Mposhi. Wako watoto wa Serenje, mvua zikikolea, wamesimama kando ya lami na uyoga mmoja mpana kama mwavuli, wanaupunga ili usimame ununue. Ila niliyekaa naye moyoni ni mama muuza bukari wa Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, upande wa Kongo.

Bukari ndiyo ugali wao. Aliiuza na sombe, yaani kisamvu, na dagaa wakavu wanaowaita kapenta, chini ya turubai kuukuu la lori, nje ya yadi tunakopaki. Siku ya kwanza nilimwendea na adabu zote za kwetu: "Shikamoo mama. Samahani, naomba chakula, kama bado kipo." Akaacha mwiko, akanitazama, akawageukia wenzake: "Huyu anasema sawa redio!" Nikafurahi, nikajua nimesifiwa kwamba nasema sawasawa. Ni dereva mmoja mzoefu aliyenitoa tongotongo: kule "sawa" maana yake ni "kama". Nilikuwa naongea kama mtu anayesoma taarifa ya habari! Kiswahili cha namna hiyo wanakiita Kiswahili bora, na usidhani wanakionea wivu. Tangu siku hiyo jina langu likawa Redio. "Redio eko na njaa?"

Sasa mwaka 2016 nikakwama pale siku kumi na moja. Wakala wa mizigo alikosea tarakimu moja ya namba ya tela kwenye karatasi, na karatasi ya mpakani ikishakosewa, kuirekebisha ni kungoja. Posho yangu na utingo ikakata siku ya tano. Tajiri nikimpigia, anashughulikia. Siku ya sita nikakaa kivulini mwa lori nimejifanya nimeshiba, mgongo nimekipa kibanda cha mama ili nisisikie hata harufu. Haukupita muda, akaja mtoto wake mbio: "Mama anauliza kama Redio imezima."

Ikabidi nimweleze. Akachomoa daftari la shule lililolowa mafuta pembeni, akaandika "Redio", akachora vijistari viwili, kimoja changu, kimoja cha utingo. Sahani moja mchana, moja usiku, kila mtu. Wala msimfikirie malaika. Utingo alipothubutu kuomba aongezwe kapenta alikemewa mpaka akashika kichwa. Na nilipomuuliza mama kama haogopi kutukopesha watu asiowajua, alinyoosha mwiko kwenye lori langu: "Ile motokari inatembea? Utakimbilia wapi?"

Hapo nilimwelewa. Lori ndilo lilikuwa rehani. Lakini siku ya kumi na moja karatasi zikatoka, lori likawashwa, na mimi mfukoni bado sina kitu. Nikaenda kumuaga nimeshika simu mkononi nimwachie. Hata hakuitazama. "Barabara iko moja," akasema, akaendelea kusonga.

Wiki moja baadaye, nikirudi kutoka kupakua, nikamwekea mezani faranga 24,000. Akazihesabu mara mbili, akanirudishia 2,000.

"Ile iache. Mutu eko na deni anarudiaka."

Tulibishana, jamani. Mimi nimelelewa kwamba deni ni aibu, mtu hulali nalo. Yeye akafuta vijistari vyote, akaandika 2,000 mbele ya Redio, akafunga daftari. Ikawa ndiyo desturi: nikipita nalipa chakula cha siku hiyo, elfu mbili haziguswi. Siku moja daftari likawa wazi, nikachungulia. Kumbe tuko wengi! Yuko Mrefu, yuko Chai, yuko Bwana Asante, kila mmoja na elfu yake au elfu mbili zake, Watanzania kwa Wazambia. Ndiyo maana madereva walikuwa wanapita vibanda sita kwenda kwake. Nilijiona nimechezewa shere. Nilisusa siku hiyo moja, kesho yake nikaenda kula.

Kisha ikaja 2020. Mnakumbuka corona dereva wa lori alivyoonekana ndiye ugonjwa wenyewe. Mwezi Mei Zambia ikaufunga mpaka wa Nakonde siku kadhaa, na ulipofunguliwa tukawa watu wa kupimwa na kukwepwa. Vibanda vingine vya Kasumbalesa vilitufukuza kwa mkono, kama kuku. Mama aliweka sahani kwenye stuli, akarudi nyuma hatua kama tano, akaita, "Redio, kamata!" Halafu akakaa juu ya ndoo, mbali vile vile, akaanza kuniuliza habari za nyumbani mtu mmoja mmoja kwa kupaza sauti: mke, watoto, mama mzazi, mpaka yule shemeji niliyewahi kumlalamikia. Yadi nzima ilisikia mambo yangu.

Mwaka 2021 mgongo uligoma, nikashuka kwenye lori. Siku hizi nauza vipuri Tabata. Mwaka uliofuata Kongo ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, nikawasikia wasomi redioni, redio ya kweli hii, wakijadili jinsi Kiswahili kitakavyotuunganisha na jirani mpya. Mimi nilikuwa nawaza sombe.

Mwaka jana kijana mmoja mteja wangu alikuwa anapandisha mzigo Lubumbashi. Nikampa pesa anilipie deni. Elfu mbili zile mwaka 2016 zilikuwa kama dola mbili, sasa hazifiki hata moja, kwa hiyo nikaongeza, nisionekane nimevizia pesa ishuke ndipo nilipe.

Amerudi nazo zote, pamoja na mfuko wa kapenta. Anasema daftari lile la mafuta halipo tena, lilijaa. Mama alifungua jipya, akamwonyesha kwa kidole ukurasa wa kwanza, mstari wa tatu, deni langu amelihamishia humo kwa mkono wake: Redio, 2,000.

"Mwambie alete ye mwenyewe."

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam