Kula kwa Ajili ya Nguvu za Mazoezi Ukiwa na Miotonia

Mwanamichezo anayelalamika kwamba misuli yake inakaza hupewa ushauri ule ule kila aendapo: ale ndizi, anywe maji ya kutosha, ajinyooshe. Ushauri huo huwafaa wengi, lakini kwa sisi tunaoishi na miotonia, yaani hali ya kurithi ambayo misuli ikishajikaza huchelewa kulegea, ndizi hiyo hiyo inaweza kuwa ndiyo inayoifunga miguu yetu. Nimeishi na hali hii tangu utotoni na ninakimbia mbio za masafa ya kati, na ninaamini kwamba mwenye miotonia anaweza kula akapata nguvu za kutosha, mradi aijue kwanza aina ya ugonjwa wake.

Iko miotonia inayotokana na hitilafu katika vijilango vinavyopitisha kloridi kwenye seli za misuli, na ndiyo aliyoieleza daktari Julius Thomsen mwaka 1876, baada ya kuiona mwilini mwake mwenyewe na kwa watu wa ukoo wake. Mwenye aina hiyo hukakamaa anapoanza kusogea baada ya kutulia, kisha misuli hulegea kadiri anavyoendelea, na kwake kuupasha mwili joto taratibu kuna uzito kuliko orodha yoyote ya vyakula. Aina nyingine hutokana na vijilango vya sodiamu, na miongoni mwake imo ile inayochochewa na potasiamu, madini yaliyomo kwa wingi kwenye ndizi. Hiyo ndiyo yangu. Ninapokimbia mara nyingi sipati taabu. Taabu huja nikishapumzika kidogo, pale mapaja yanapokuwa magumu kama mbao, kiganja kilichoshika chupa ya maji kinapokataa kuiachia, na kope nilizozifumba kwa nguvu zinapochelewa kufunguka.

Sababu yake inaeleweka. Misuli inayofanya kazi huitoa potasiamu iliyomo ndani yake na kuiingiza kwenye damu, hivyo ukiongeza nyingine nyingi kutoka tumboni katika saa hiyo hiyo, unaielemea misuli ambayo tayari inapata shida kutulia. Wanga hufanya kinyume chake. Ukishameng'enywa na kuwa glukosi, huchochea mwili kutoa insulini, na insulini haiingizi sukari peke yake ndani ya seli, bali huivuta potasiamu pia kutoka kwenye damu. Kwa hiyo kwa mtu wa aina yangu wanga ni nishati na kinga kwa wakati mmoja, na kufanya mazoezi makali na njaa ni jambo ninalolikataa kabisa, hata pale wenzangu wanapolisifu kwa ajili ya kupunguza uzito.

Ndiyo maana mlo wa kabla ya mazoezi naupima kwa mizani miwili. Wataalamu wa lishe ya michezo hupendekeza gramu 1 hadi 4 za wanga kwa kila kilo ya uzito wa mwili, katika muda wa saa 1 hadi 4 kabla ya kuanza, na kadiri muda unavyokuwa mfupi ndivyo kiasi kinavyopungua. Kikombe kimoja cha wali mweupe kina takriban gramu 45 za wanga na miligramu 55 tu za potasiamu, ilhali ndizi mbivu ya wastani ina gramu 27 za wanga na zaidi ya miligramu 400 za potasiamu. Ukiitazama tofauti hiyo utaelewa kwa nini ninachagua wali, tambi au mkate mweupe wenye asali, pamoja na yai, na kwa nini juisi ya machungwa, madafu, zabibu kavu na viazi vilivyookwa na maganda yake sivigusi saa za karibu na mazoezi. Mazoezi yakizidi saa moja hunywa maji yenye sukari na chumvi kidogo. Maji hayo hayawi ya baridi kali, kwa kuwa baridi nayo huikakamaza misuli ya baadhi yetu, hata ulimi na koo. Baada ya mazoezi hula tena wanga mapema, pamoja na protini ya samaki au kuku, kisha hutembea polepole badala ya kukaa ghafla.

Haya yote hayamaanishi kuiacha potasiamu. Moyo na mishipa ya fahamu vinaihitaji, na Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2012 kwamba mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 kwa siku. Kwa aina yangu kiwango kinachofaa hupangwa na daktari, na mboga za majani, maharage na matunda huvigawa kidogo kidogo katika milo iliyo mbali na mazoezi, badala ya kuvirundika katika sahani moja. Viazi huvimenya, huvikata vipande vidogo, huvichemsha katika maji mengi na kuyamwaga maji hayo, kwa sababu sehemu kubwa ya potasiamu hutoka nayo.

Hatari niionayo kubwa zaidi imo kwenye vifungashio. Chumvi inayouzwa kwa ajili ya wenye shinikizo la damu mara nyingi ni kloridi ya potasiamu, na unga wa vinywaji vya wanamichezo huwa na madini hayo pia, kwa hiyo lebo isomwe kabla ya kununua.

Usiige sahani yangu kabla ya kupimwa. Upo ugonjwa wa jirani, wa kupooza kwa vipindi kutokana na kushuka kwa potasiamu, ambao mlo mkubwa wa wanga baada ya mazoezi mazito ndio humlegeza mgonjwa hadi ashindwe kuinuka kitandani. Kwa wanaopewa dawa za kutuliza hali hizi, anayetumia asetazolamidi anywe maji mengi, kwa kuwa dawa hiyo huongeza uwezekano wa mawe kwenye figo, na anayetumia meksiletini aimeze pamoja na chakula ili isimchafue tumbo.