Mbona Wahindi wa kwetu wamefika juu Uingereza, na nyie bado mnabeba maboksi?

Binamu yangu wa Tanga kaniuliza swali ambalo najua wengi mnalo. Rishi Sunak, baba yake kazaliwa Kenya, mama yake Tanganyika, na mwaka 2022 akawa Waziri Mkuu wa Uingereza. Priti Patel, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani, wazazi wake walitoka Uganda. "Hawa wametoka huku huku kwetu. Nyie mnakwama wapi?"

Binamu, nakujibu bila kuficha, maana nakaa Leicester, mji wa Uingereza, na hao unaowataja ndio majirani zangu.

Usidhani walipokelewa vizuri. Idi Amin alipowapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke mwaka 1972, halmashauri ya mji huu ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije, nyumba na shule zimejaa. Wakaja hivyo hivyo. Wale wa Kenya walishaanza kuja kabla yao, hadi bunge likapitisha sheria ya kuwazuia mwaka 1968, tena kwa siku tatu tu.

Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi yupo bibi mmoja wa Kigujarati, mzaliwa wa Jinja. Nikimchana nywele asubuhi ananiambia kwa Kiswahili, "Polepole, dada." Vidole vyake viwili havinyooki; miaka na miaka alikuwa kwenye mashine za kiwanda cha soksi. Mumewe, aliyekuwa na duka lake Uganda, hapa aliingia zamu ya usiku. Leo mtoto wao mmoja ni mfamasia, mwingine mhasibu. Kwa hiyo maboksi walibeba na wao. Jayaben Desai, aliyewahi kuishi Tanzania, aliongoza mgomo wa wafanyakazi wa Grunwick, kiwanda cha kusafisha picha kule London, kuanzia 1976, karibu miaka miwili, na wakashindwa. Wanaoonekana kwenye televisheni leo ni kizazi cha pili.

Ila walikuwa na vitu ambavyo sisi hatuna. Wengi walishika pasipoti za Uingereza tangu enzi za ukoloni. Mimi viza yangu imefungwa kwa mwajiri: akinifukuza, natafuta mwingine haraka au narudi. Na kuanzia Machi 2024, hadi njia hiyo ilipofungwa kwa wapya kutoka nje Julai 2025, mlezi wa wazee aliyekuja hakuruhusiwa kuleta mume wala watoto. Wengi wao biashara waliijua tangu utotoni, na wengine walikuwa wasomi. Baba yake Sunak ni daktari, mama yake alikuwa na duka la dawa Southampton. Ndugu wakikaa dukani hawadai mshahara, na fedha inawekwa chungu kimoja. Na rangi yetu nayo, tusidanganyane, inatutangulia mlangoni.

Lakini kubwa ninaloliona mimi ni hili: waliofukuzwa Uganda hawakuwa na kwa kurudi. Duka la Kampala limechukuliwa, nyumba imechukuliwa, basi kila pauni iliyopatikana ilizikwa hapa hapa, kwenye duka la Belgrave Road na kwenye shule ya mtoto. Pauni zangu zinakwenda kwenye ada ya mdogo wangu, dawa za mama, misiba, michango ya harusi, tofali. Natuma kwa moyo mmoja na sijutii. Ila fedha iliyoingia kwenye msingi wa nyumba Pongwe, huko Tanga, haiwezi kufungua duka Leicester, na wewe unanidai vyote viwili kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana nimemwambia kaka nyumba isimame hapo hapo kwenye lenta. Mwanangu yuko sekondari, ana kichwa cha hesabu, na masomo ya ziada huku ni ghali. Hela ya tofali inakwenda huko hadi amalize shule. Mama atapata ya dawa kila mwezi kama kawaida. Michango ya harusi mwaka huu msinihesabu.